Funga Kaunta, Shika Peni: Kujiandaa na Mtihani wa Hisabati Kidato cha Nne



Novemba inakaribia, na wadogo zetu wa kidato cha nne wameshaanza kuhesabu siku. Ukiwauliza kuhusu Kiswahili au Biolojia, watakujibu kwa sauti. Ukitaja Hisabati, wanacheka kidogo halafu wanabadilisha mada. Tusiwalaumu. Kwa miaka mingi hapa Tanzania, wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne wamekuwa karibu mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 matokeo yalipopanda, walifika kama mmoja kati ya wanne. Maana yake, wakikaa kwenye benchi moja la kanisani vijana wanne waliofanya mtihani ule, watatu wametoka na F. Somo la leo ni la hao watatu, kabla hawajawa hao watatu.

Baada ya kumaliza falsafa nilitumwa mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja ambako kila Jumamosi mchana kulikuwa na twisheni katika ukumbi wa katekesi. Nikapewa Hisabati, kwa sababu aliyekuwa anaifundisha alihamishwa kikazi. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye kaunta safi kuliko zote. Kila mfano wa mwalimu ameunakili, vichwa vya mada kwa peni nyekundu, majibu yamepigiwa mistari miwili kwa rula. Jioni anaisoma kama anavyosoma Historia. Siku moja nikamwambia afungue ukurasa wowote anieleze. Akaeleza vizuri tu: hapa tumetafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 6 na zikijumlishwa zinaleta 5, kwa hiyo x² + 5x + 6 inakuwa (x + 2)(x + 3). Safi. Nikaifunga kaunta, nikamwandikia ubaoni 2x² + 7x + 3. Akakaa nayo dakika kumi bila kuandika hata mstari mmoja.

Sasa, yule kijana si mvivu. Amepiga msuli kuliko wenzake wengi. Shida ni kwamba alichojifunza ni kuitambua njia akiiona. Mtihani haukuonyeshi njia, unakupa mwanzo tu na karatasi nyeupe. Ni kama kumfuata mwenyeji kwenye vichochoro vya Kariakoo: ukiwa nyuma yake kila kona inaonekana ya kawaida kabisa, unajiona mjanja wa mji. Kesho yake uende peke yako, ndipo unagundua hukuwa unajua njia, ulikuwa unajua mgongo wa mwenyeji.

Aristotle aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anasema kuwa kuna mambo tunayojifunza kwa kuyatenda: mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Yeye alikuwa anazungumzia fadhila, lakini mkono wa Hisabati unafundishwa hivyohivyo. Kwa hiyo shauri langu la kwanza, na kama una muda wa kusoma shauri moja tu basi soma hili: usisome Hisabati kaunta ikiwa wazi. Soma mfano mmoja, funga, uandike upya kutoka mwanzo. Ukikwama, fungua, tazama mstari ule mmoja tu uliokukwamisha, funga tena, uanze upya. Uanze upya kutoka juu, siyo kuendelea pale ulipokwama. Halafu badilisha namba, ufanye tena. Baada ya siku tatu, urudie bila kuangalia chochote.

Lile swali la ubaoni, kwa wanaotaka kujua: zidisha 2 ya mwanzo na 3 ya mwisho upate 6. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 6 na zikijumlishwa zinaleta 7. Ni 6 na 1. Ivunje 7x kuwa 6x + x: 2x² + 6x + x + 3. Mawili ya kwanza yanatoa 2x(x + 3), mawili ya mwisho yanatoa 1(x + 3). Jibu ni (2x + 1)(x + 3). Umeelewa? Vizuri. Sasa funika na kiganja ufanye 3x² + 10x + 8. Hapo ndipo utajua kama umeelewa.

Tumwangalie tena mwanafalsafa mwingine, maana kuna hadithi ambayo kila mwanafunzi wa Hisabati angepaswa kusimuliwa. Iko katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno. Sokrates anamwita kijana mtumwa wa nyumbani kwa Meno, ambaye hajawahi kufundishwa jiometri, anamchorea mraba chini. Kila upande una urefu wa futi 2, kwa hiyo eneo ni 4. Anamuuliza: nikitaka mraba wenye eneo mara mbili ya hili, yaani 8, upande wake uwe na urefu gani? Kijana anajibu haraka: si ni mara mbili, futi 4! Sokrates hamgombezi. Anachora mraba wa upande wa 4. Wanahesabu pamoja: eneo ni 16. Kijana anashtuka. Basi iwe kati ya 2 na 4, anasema, iwe 3. Wanachora, wanahesabu: 9. Siyo 8. Hapo kijana anasema kweli hajui.

Ninachokipenda ni kinachofuata. Sokrates anamgeukia Meno na kumuuliza kama kijana huyu amedhurika kwa kufikishwa kwenye hali ya kutojua. Mwanzoni alidhani anajua na hakuwa anajua. Sasa hajui, na anajua kwamba hajui, kwa hiyo atatafuta. Ndipo Sokrates anachora ulalo wa ule mraba wa kwanza, mstari unaotoka kona hadi kona, na kijana anaona mwenyewe kwamba mraba uliojengwa juu ya ulalo una eneo la 8. (Plato alihitimisha kuwa roho inakumbuka ilichokijua kabla ya kuzaliwa. Hilo tumwachie mwenyewe.)

Angalia jinsi kijana wa Meno anavyofanana na watahiniwa wetu. Swali la maumbo yanayofanana linasema: urefu wa pande umekuzwa mara 3, eneo limekuwa mara ngapi? Wengi wanaandika 3. Jibu ni 9, kwa sababu ubavu mmoja umekua mara 3 na wa pili pia mara 3. Ni kosa lilelile la zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Na binamu yake ni hili hapa, ambalo nimelikuta kwenye madaftari mpaka nimechoka: (a + b)² kuandikwa a² + b². Usikariri kwamba ni kosa. Ulijaribu na namba? Weka 3 na 4. Tatu jumlisha nne ni 7, kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kwa njia ya mkato unapata 9 + 16, yaani 25. Zile 24 zimekwenda wapi? Ni 2ab: mara mbili ya 3 mara 4. Ukichora mraba wa upande wa 7, ukaugawa kwenye 3 na 4 kila upande, utaziona hizo 24 kwa macho, ni mistatili miwili ya 3 kwa 4 iliyobaki pembeni.

Kwa hiyo uwe na daftari dogo la makosa. Siyo la majibu sahihi, hayo yamejaa vitabuni. Kila unapokosa swali, andika mstari ule hasa uliopotea, na pembeni yake uandike ulidhani nini. "Nilidhani eneo linakua sawa na upande." "Nilisahau kubadili alama nilipovuka usawa." Baada ya mwezi utashangaa kuona kuwa hukosi vitu mia moja, unakosa vitu sita au saba vilevile, vinabadilisha nguo tu. Sisi tunaofanya tafakari ya dhamiri kila jioni tunaufahamu mchezo huo.

Sasa nije kwa wale wanaosema "Hesabu siyo kipaji changu". Mtakatifu Augustino mwenyewe, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo, anakumbuka kwamba utotoni wimbo wa shuleni wa moja na moja mbili ulikuwa unamkera. Aliona raha kwenye hadithi za vita vya Troya. Basi msijione wapweke. Lakini kwenye ile twisheni alikuwepo binti ambaye tangu kidato cha pili alikuwa amelala kwenye vipindi vya Hisabati kwa hiari yake, kwa hoja kwamba divisheni inakokotolewa kwa masomo saba bora, kwa hiyo moja linaweza kuanguka bila kuharibu. Hoja yake ina ukweli wa mahesabu, ndiyo maana ni ya hatari. Mama yake ana genge, na yeye jioni anakaa pale. Nikamuuliza: tenga la nyanya mmenunua 30,000, mmepanga mafungu 80 ya shilingi 500, faida ngapi? Hakushika hata peni. "Elfu kumi, kama hazijaoza." Ni asilimia ngapi? Akasema 25.

Hapo kuna jambo la kutazama kwa makini. Elfu kumi ni asilimia 25 ya 40,000, ambayo ni mauzo. Lakini faida inapimwa juu ya kile ulichokitoa mfukoni, yaani 30,000. Elfu kumi juu ya elfu thelathini ni theluthi moja, asilimia 33 na kidogo. Nilipomuuliza "mama alitoa shilingi ngapi ndipo akaongezewa hizo elfu kumi?" alijirekebisha mwenyewe kabla sijamaliza. Binti huyo anajua hesabu. Alichokosa ni kuiona hesabu ya genge ndani ya swali la mtihani, hasa swali likiwa limevaa Kiingereza.

Na hili la lugha tusilifiche. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali, darasa la saba tuliijua KDS na KKS vizuri. Tukaingia kidato cha kwanza tukakuta vitu vilevile vimepewa majina mapya, na wengine hawakuwahi kuambiwa kwamba ni vilevile. Kwa hiyo ukikutana na swali la maneno, kabla ya kuandika mlinganyo wowote jisimulie swali hilo kimoyomoyo kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia mdogo wako. Nani ana nini? Tunajua nini? Tunatafuta nini? Ukishindwa kulisimulia, usianze kukokotoa, maana utakuwa unachanganya namba kama karata.

Mfano wa seti. Vijana 40 wa jumuiya: 25 wanaimba kwaya, 18 wanacheza mpira, 5 hawamo kwenye chochote. Wangapi wanafanya vyote viwili? Jisimulie. Watano wako pembeni, kwa hiyo waliobaki ni 35. Lakini 25 na 18 ni 43. Watu 35 wamewezaje kuwa 43? Kwa sababu kuna waliohesabiwa mara mbili, na hao ni 8. Kwaya tu ni 17, mpira tu ni 10, vyote 8, pembeni 5. Jumlisha: 40. Imetimia. Neno linaloangusha watu hapa ni dogo kuliko yote: "tu". Waimbaji wako 25, waimbaji tu wako 17. Mtahiniwa anayeandika 25 kwenye duara la kwaya, nje ya sehemu ya katikati, hajashindwa Hisabati, ameshindwa kusoma. Kwenye karatasi ya maswali, hilo neno lenye maana ya "tu" lizungushie duara kwa penseli kila unapoliona.

Kuna sehemu nyingine inayoogopwa bure, nayo ni logi. Kwenye mtihani huu vikokotozi haviruhusiwi. Unaruhusiwa kitabu cha majedwali. Bado kuna vijana wanafanya mazoezi yote ya mwaka mzima kwa simu, halafu Novemba wanakutana na majedwali kama mgeni. Simu iweke mbali kuanzia leo. Tuchukue kipeuo cha pili cha 0.347. Jedwali linakupa logi ya 3.47 kuwa 0.5403. Kwa hiyo logi ya 0.347 ni baa 1 nukta 5403 (ile 1 inawekewa kimstari juu), maana yake hasi moja jumlisha 0.5403. Kutafuta kipeuo cha pili ni kugawa logi kwa 2. Hapa wengi wanagawa 1.5403 kana kwamba ile baa ni pambo, wanapata 0.7702, wanarudi kwenye jedwali na kuandika 5.891. Wala hawashtuki kwamba kipeuo cha pili cha namba isiyofika hata moja kimezidi tano!

Njia ni hii. Hasi moja haigawanyiki vizuri kwa 2, basi ifanye iwe hasi mbili, na ile hasi moja uliyoiongeza uifidie kwa kuongeza moja upande wa pili: hasi mbili jumlisha 1.5403. Sasa gawa: hasi moja jumlisha 0.7702. Jedwali la kurudishia linakupa 5.891, na kwa sababu una baa 1, jibu ni 0.5891. Kabla ya kupiga mstari, jikague kwa kichwa: 0.6 mara 0.6 ni 0.36, na sisi tulikuwa na 0.347, kwa hiyo jibu lazima liwe chini kidogo ya 0.6. Liko. Makadirio haya ya kichwani yanachukua sekunde kumi, na kwa maoni yangu yanaokoa alama nyingi kuliko kanuni yoyote utakayobandika ukutani. Umbali kati ya miji miwili kwenye mada ya Dunia kama tufe ukikutokea kilomita 90,000, kumbuka mzunguko mzima wa dunia ni kama kilomita 40,000. Mahali fulani umekosea, labda umesahau kugawa kwa 360.

Kuhusu karatasi yenyewe niseme kwa kifupi, maana walimu wenu wameshasema. Mtihani ni wa saa 3, maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10. Ukilipa kila swali la A dakika 10 na kila la B dakika 16, unamaliza ukiwa na dakika 16 za kupitia. Kwa hiyo kwenye mazoezi ya nyumbani weka saa mezani. Dakika 10 zikiisha, hama. Ni vigumu kuhama kwenye swali unaloliona karibu linakubali, na ndiyo maana linatakiwa kufanyiwa mazoezi. Na usianze na la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Pitia karatasi yote, uanze na lile ambalo mkono wako unalijua.

Alama 30 ni D, 45 ni C, 65 ni B, 75 ni A. Ukiangalia vizuri, maswali matano kamili ya sehemu A yanakutoa kwenye F. Sisemi ulenge hapo. Nasema yule anayeamini hakuna kinachowezekana amepiga hesabu vibaya. Zaidi ya hapo, maelekezo ya mtihani yanataka hatua zote zionyeshwe, na alama zinatolewa kwa hatua. Andika ulichopewa, andika kanuni, weka namba, hata kama mwisho huujui. Swali lililoachwa tupu halina hata nusu alama ya kumpa msahihishaji mwenye huruma.

Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na inapatikana bure kwenye tovuti yao. Ndani yake kuna picha za majibu halisi, yaliyo mazuri na yaliyoharibika, na maelezo ya kwa nini. Nawashangaa wanaonunua desa mitaani wakati hii ipo. Fanyeni hivi: kila Jumamosi chukua mtihani mmoja wa nyuma, kaa peke yako saa 3 kamili, majedwali na mkebe wa hisabati tu. Jioni, kaa na mwenzako msahihishane mkiwa na taarifa ya mwaka huo. Katikati ya wiki, changanya mada. Ukifanya maswali 20 ya matriki mfululizo, kufikia la tano hufikiri tena, unarudia tu mwendo. Mtihani hautakuambia "hili ni la vekta". Kujua swali ni la mada gani ni nusu ya swali.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu novena ya Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani, ambaye sikukuu yake ni tarehe 18 Septemba. Mapokeo yanasimulia kwamba masomo yalimshinda kabisa, alikuwa na kifungu kimoja tu cha Injili alichoweza kukieleza, na kwenye mtihani wa ushemasi akaulizwa hichohicho. Vijana wanaipenda hadithi hii kwa sababu ambayo nadhani siyo yenyewe. Wanaona bahati. Mimi naona kwamba kile kifungu kimoja alikijua kweli, kwa hiyo kilipokuja alikuwa na cha kusema. Salini novena, nami nitasali pamoja nanyi. Ila mtihani wa Hisabati una vifungu 14, na hakuna mtakatifu ninayemfahamu aliyeomba kwa ajili ya mtu asiyegusa peni.

Usiku wa kuamkia mtihani usikeshe. Saa za usiku huo hazikuongezei mada mpya, zinakula umakini wa kesho tu. Chonga penseli, hakikisha bikari haijalegea, weka peni mbili, lala.

Haya, maswali manne. Funga kila kitu, kaa dakika 40.

La kwanza: mraba una eneo la sentimita za mraba 50. Ulalo wake una urefu gani?

La pili: vijana 60, kati yao 38 wako kwaya, 27 wanacheza mpira, 9 hawamo kokote. Wangapi wako kwaya tu?

La tatu: mfanyabiashara aliuza gunia la maharage kwa shilingi 90,000 akapata faida ya asilimia 20. Alilinunua kwa shilingi ngapi?

La nne: kwa kutumia majedwali, tafuta kipeuo cha tatu cha 0.125.

Majibu yangu, ukishamaliza na siyo kabla: sentimita 10, vijana 24, shilingi 75,000, na 0.5, ambayo unaweza kuihakiki bila jedwali. Kama la nne limekupa namba iliyozidi moja, rudi kwenye baa. Kama la tatu limekupa 72,000, nenda kaulize gengeni.